Ukingo wa Dari na Nguo Tunazovaa

Someni kwanza: Matendo ya Mitume 9:36-42 na Kumbukumbu la Torati 22:8.



Tusomapo habari za Dorkasi wa Yafa, mara nyingi twakimbilia mwisho wake, pale Petro alipomshika mkono akainuka. Mwezi huu tusimame kidogo kabla ya hapo, katika kile chumba cha juu, ambapo wajane wanalia na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea marehemu. Hawakutoa hotuba. Walishika nguo tu. Kila mmoja aliujua mkono ulioshona vazi lake, na mkono ule ulipokoma kushona alijua anamlilia nani.

Wengi wetu tulikua hivyo hivyo. Sare ya shule ilishonwa na fundi aliyekaa barazani na cherehani yake, na mshono ukifumuka mama alijua mlango wa kubisha. Hata kanga tulizozipenda zilitoka Urafiki, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na basi la mjini lilipita mbele yake. Sasa geuzeni kola ya shati au blauzi mliyovaa, msome lebo. Juu mtakuta jina la kampuni ya Ulaya au Marekani, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la nchi: Bangladesh, China, India, Vietnam. Aliyeshona hayumo. Somo letu linamhusu yeye.

Karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, uko mji uitwao Savar. Hapo lilisimama jengo la ghorofa nane, jina lake Rana Plaza. Chini palikuwa na maduka na benki, na ghorofa za juu zilikuwa na viwanda vitano vya nguo vyenye maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake vijana. Jengo lilikusudiwa maduka na ofisi, halikukusudiwa kubeba mashine, na ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Huko huko juu ziliwekwa jenereta kubwa, maana umeme ulikatika mara kwa mara.

Jumanne tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo. Watu wakatolewa nje, na mhandisi aliyeitwa akasema si salama. Kesho yake watu wa benki hawakuja, na maduka hayakufunguliwa. Washonaji ndio walioitwa kazini. Walisimama nje wakiogopa, wakaamriwa kuingia, na wengine wakatishiwa kunyimwa mshahara wao. Mshahara wa chini kabisa wa mshonaji wakati ule ulikuwa Taka 3,000 kwa mwezi, kwa fedha ya kwao, kama dola 38 za Marekani. Mtu anayeishi kwa fedha hiyo hawezi kuuacha mshahara wa mwezi kwa sababu ya ufa ukutani. Basi wakaingia. Saa tatu kasoro dakika chache asubuhi umeme ukakatika, jenereta zikawashwa, na jengo lote likashuka. Walikufa watu 1,134, na wapatao 2,500 walitolewa wakiwa na majeraha. Mwanamke mmoja alipatikana hai chini ya kifusi siku ya 17.

Kwa nini benki ilifunga, na kiwanda hakikufunga? Swali hili linastahili kuzungumzwa polepole katika vikundi vyetu, kwa sababu jibu la haraka, kwamba mwenye kiwanda alikuwa mtu mbaya, halitoshi. Zamani wauza nguo wa Ulaya walibadili mavazi madukani kufuata majira ya mwaka. Siku hizi maduka makubwa hutaka mitindo mipya kila juma, na wale wauzao kwa njia ya intaneti huitoa kila siku. Anayeagiza ndiye apangaye bei, na ndiye apangaye siku. Mwenye kiwanda akichelewa, hukatwa bei, au hulazimika kupeleka mzigo kwa ndege kwa gharama yake mwenyewe. Hana nguvu ya kumbana mnunuzi, kwa hiyo humbana mshonaji. Kazi ikimzidi, humgawia mwenye kiwanda kingine kwa siri, na huyo naye pengine humgawia wa tatu. Karani wa benki hakuwa na meli inayomngoja bandarini. Tena wafanyakazi wa viwanda vile hawakuwa na chama cha wafanyakazi ambacho kingeweza kusema kwa sauti moja, "Leo hatuingii."

Halafu likatokea jambo ambalo sisi tuliosoma habari hizi pamoja hatukuweza kulisahau. Watu walipanda juu ya kifusi wakatafuta lebo. Lebo na karatasi za maagizo ndizo zilizokuwa ushahidi wa nani aliagiza nguo zishonwe mle, maana kampuni nyingine zilikana kuhusika, na nyingine zilisema kwamba kazi yao ilipelekwa humo bila idhini yao. Wajane wa Yafa walishika nguo wakamtaja aliyezishona. Huko Savar watu walishika vipande vya nguo vyenye vumbi ili wamjue aliyeziagiza.

Hapa ndipo ile sheria fupi ya Kumbukumbu la Torati inapotusaidia. Inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikapata hatia ya damu. Dari inayosemwa hapo ni paa tambarare, ambalo watu wa nchi ile walilitumia kwa mambo mengi, kulala na kuanika vitu. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya dari yake chini ya mabua ya kitani, na kitani ndiyo nguo yenyewe kabla haijasokotwa. Angalieni kwamba sheria haimtaji atakayeanguka. Haiulizi kama ni mgeni au mtumwa, wala kama mwenye nyumba alimfahamu. Yeye aliyepata faida ya paa ndiye awekaye ukingo, na yapaswa auweke kabla mtu hajaanguka. Mbele ya sheria hiyo, neno "hatukujua kama nguo zetu zinashonwa mle" halina nguvu sana.

Na kwamba ukingo ungewezekana kuwekwa, lilidhihirika muda si mrefu. Mwezi Mei 2013 yalitiwa sahihi mapatano kati ya makampuni na vyama vya wafanyakazi, yenye nguvu ya sheria, na baadaye makampuni zaidi ya 200 yakawamo. Viwanda vikakaguliwa, na karibu kila kimoja kikakutwa na kasoro: milango ya kutokea iliyofungwa, nyaya za umeme mbovu, nguzo zilizobebeshwa mzigo usiozistahili. Makosa mengi yametengenezwa. Mfuko wa fidia kwa wafiwa na majeruhi, uliosimamiwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulifikia dola milioni 30 zilizohitajiwa mwezi Juni 2015, yaani baada ya miaka miwili na zaidi. Mjane wa Savar alingoja muda wote huo.

Mtu atauliza: basi tuache kununua nguo za Bangladesh? Hapana. Watu wapatao milioni nne hula kwa kazi hiyo, na zaidi ya asilimia 80 ya fedha ambazo nchi ile hupata kwa kuuza bidhaa nje hutokana na nguo. Msichana aliyetoka kijijini akapata mshahara wake wa kwanza hataki tumfungie kiwanda. Anataka kurudi nyumbani jioni.

Lakini tukiishia kiwandani tutakuwa tumesoma nusu tu, kwa maana nguo imekwisha kudai mengi kabla ya kumfikia mshonaji. Pamba hunywa maji. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia lita 2,700, yaani ndoo kubwa 135 za lita 20. Mwanamke achotaye kisimani na ajaribu kuzihesabu kichwani. Katika Asia ya Kati lilikuwapo ziwa liitwalo Bahari ya Aral, ambalo mwaka 1960 lilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,000, karibu sawasawa na Ziwa Victoria letu. Serikali ya Kisovieti iliigeuza mito miwili iliyolilisha, Amu Darya na Syr Darya, ikamwagilie mashamba ya pamba. Leo imebaki kama sehemu moja katika kumi. Huko Moynaq, mji uliokuwa bandari ya wavuvi, mashua zimekaa juu ya mchanga, na upepo hupeperusha chumvi na dawa za mashambani hadi nyumbani kwa watu. Haki tuseme, wakati ule haikuwa tamaa ya mitindo, ilikuwa mipango ya serikali. Hata hivyo ziwa halikuuliza pamba inakwenda wapi. Wenzetu wa Mwanza na Musoma wangesema nini, wakiamka na kuyakuta maji yamekwenda mwendo wa siku nzima?

Rangi nazo zina lake. Mito inayozunguka Dhaka, kama Buriganga na Turag, imepokea kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda, vya kutia nguo rangi vikiwamo. Nyuzi za polyester, ambazo ni nyingi zaidi kuliko pamba siku hizi, hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, wala hazioziki kama pamba.

Kisha nguo hizo, zikiisha kuvaliwa mara chache, hufungwa marobota na kuletwa kwetu. Hatusemi neno baya juu ya mitumba. Katika usharika huu wapo akina mama waliosomesha watoto kwa meza ya mitumba, na wengi wetu tumekuja kanisani leo tumevaa mitumba. Ila muulizeni mama anunuaye robota asilolifungua, na siku ya kulifungua akakuta nguo zilizonyooka kola na kuchanika makwapa. Hasara hiyo hairudi Ulaya. Humbakia yeye, na zisizouzika hutupwa jaani au mtoni. Nchi za Afrika Mashariki zilipopanga mwaka 2016 kupunguza mitumba ili viwanda vyetu vipate nafasi, Marekani ilipinga. Rwanda ilishikilia kodi yake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru.

Wala tusijione watazamaji tu. Sisi nasi huagiza. Kamati ya harusi huagiza sare za siku moja. Vijana wakienda mkutanoni huagiza fulana zenye maandishi, zikaisha kuvaliwa kabla rangi haijachuja, na mwaka unaofuata huagiza nyingine. Kwaya hutaka vazi jipya kila sikukuu. Na fundi wetu je? Tumpelekee kitambaa Jumatano tukitaka gauni Jumamosi, naye akeshe, kisha tumwambie, "Nitakupa mwisho wa mwezi"? Yakobo, katika sura ya tano, ameandika kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Mungu. Aliwaandikia wenye mashamba makubwa, lakini fundi wa barazani pia ana karo ya watoto.

Vikundi vitakapokutana, kila mtu alete nguo moja anayoipenda. Someni lebo zake, mzihesabu nchi. Mzungumze: ni nani katika safari ya nguo hii aliyekuwa na uwezo wa kuweka ukingo, na alizuiwa na nini? Je, tarehe tunazowapa mafundi wetu ni za haki? Tumewaomba pia mafundi wawili wa usharika waje na cherehani zao, watuonyeshe tangu kukata kitambaa hata kufunga kifungo cha mwisho, na mmoja wetu atashika saa. Wale ambao bado hawajamaliza kulipia sare za Pasaka wanaombwa wafike na fedha hiyo siku hiyo hiyo.