Kupima Mawimbi ya Redio Nyuma ya Mlima Hanang

Mwanafunzi akichora kwenye ramani mstari kutoka mji wa Mbulu hadi Katesh, wilayani Hanang, ataona unapita karibu kabisa na kilele cha Mlima Hanang, chenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Mtambo wa FM ukirusha matangazo kutoka Mbulu kwa megahezi 100, urefu wa wimbi lake ni mita 3 tu. Wimbi fupi namna hiyo hupinda kidogo mno ukingoni mwa mlima. Katesh hubaki kivulini.

Sikio ni kipimo kibovu cha kivuli hicho. Redio ya FM hutoa sauti ile ile hata wimbi likidhoofika, mpaka ghafla inamezwa na mikwaruzo. Kwa hiyo fundi huhitaji chombo cha kupimia nguvu ya wimbi, mfano wa vile viundwavyo na Rohde & Schwarz, kampuni iliyoanzishwa Munich, Ujerumani, mwaka 1933. Chombo husomeka kwa desibeli: zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi ya nguvu, zikipungua 20, sehemu moja ya mia.

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka mlima huo yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijijini jirani. Tahadhari ikitegemea redio, wimbi lipimwe Katesh kwenyewe, si chini ya mnara.

Zoezi: desibeli zikipungua 30, imebaki sehemu gani ya nguvu?