DAWA YA KUVU NA UGONJWA WA KANSA

Labda mumesikia sokoni watu wanasema: "Vidonge vya kuvu vinaponyesha kansa." Tujifunze leo ni nini iliyo kweli katika maneno hayo, na hatari ni wapi.

1. Kansa inakula namna gani?
Kansa ni sehemu ya mwili inayozidi kukua bila mpango. Sawa mutoto tumboni, inahitaji chakula kinacholetwa na damu. Ikikosa mishipa ya damu, inabaki ndogo kama punje ya mutama. Mwaka 1971 munganga Judah Folkman wa Marekani aliandika kwamba kansa inajiitia mishipa mipya. Tukifunga njia hiyo, itashinda na njaa.

2. Dawa ya kuvu inaingia wapi?
Itrakonazoli ni dawa ya kuvu. Mwaka 2007 watafiti wa Johns Hopkins, kule Marekani, walijaribu dawa nyingi za zamani, wakaona kwamba hii inazuia mishipa mipya isiote. Kiisha ikajaribiwa kwa wagonjwa wachache wa kansa ya mapafu na wengine. Lakini mpaka leo haijakuwa dawa ya kawaida ya kansa.

3. Sababu gani musijinunulie?
- Inaweza kuzoofisha moyo na kuharibu maini.
- Inagombana na dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu inaiondolea nguvu.
- Mutoto tumboni naye anajenga mishipa yake. Mama mwenye mimba asiimeze bila ruhusa ya munganga.
- Inakuchelewesha. Mama anameza vidonge miezi mitatu, kansa nayo inatembea. Kansa ndogo munganga anaweza kuikata. Ile iliyotawanyika inamushinda mara nyingi.

Lakini kama mutoto ana utando mweupe mudomoni na alipewa nistatini hapa, muendelee nayo. Hiyo ni dawa nyingine, na inafanya kazi ndani ya mudomo.

4. Mufanye nini?
Ukigusa uvimbe katika ziwa, ao damu inatoka nje ya siku zako, ao kiisha kulala na bwana, usingoje iume. Kansa changa haiumi mara nyingi. Njoo juma hili.

MASWALI
1. Kansa inapata chakula kwa njia gani?
2. Jirani mwenye uvimbe katika ziwa ananunua vidonge vya kuvu. Utamwambia nini?