SOMO: KUPIMA HABARI KABLA YA KUIPOKEA



Wazee wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo tumeisikia tangu utoto, na wengi wetu huikimbilia tunapotaka kuamini jambo bila kulipima. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika somo hili tuzitazame methali zote mbili, maana siku hizi simu imeirefusha sana njia ya mwongo.

Kwanza tuungame kosa letu. Mwezi Aprili 2024 Serikali ilitoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu kwa kila msichana. Siku chache kabla chanjo haijafika shuleni kwetu, tulipata ujumbe katika simu ukisema kwamba chanjo hiyo huwafanya wasichana wasizae. Ulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Nasi, tuliosimama mbele ya ubao kwa miaka zaidi ya thelathini, tukautuma kwa wenzetu wa kwaya, tukaandika chini yake, "Tuwe macho." Kwa ajili ya ujumbe huo mama mmoja alimzuia binti yake nyumbani siku ya chanjo.

Muuguzi wa zahanati alipopata habari hakutugombeza. Alisema tu, "Shikamoo, Mwalimu. Yale uliyotutumia, uliyajuaje?" Hatukuwa na jibu. Swali lake ndilo kiini cha somo hili.

1. KISOMO CHA KWANZA NA KISOMO CHA PILI

Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, karibu watu wazima 7 katika kila 10 nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wakaingia darasani chini ya miti. Kufika mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki karibu 1 katika kila 10. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na tunaishukuru.

Lakini kisomo hicho kilikuwa cha herufi. Kiko kisomo cha pili: kumwuliza aliyeandika ni nani, na amejuaje. Mtu aweza kusoma kila neno la ujumbe bila kukosea hata herufi moja, naye bado akadanganywa. Sisi ni mfano.

Wengi wetu tunakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikuwa watoto wa shule. Radio Tanzania ilitangaza masomo, vijiji vikaunda vikundi, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki nchini kote. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kitabu, kikajadiliana, ndipo wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Tazameni jinsi habari ilivyopita katika mikono mingi kabla ya kuwa tendo. Asiyeelewa aliuliza, na aliyetilia shaka alijibiwa mbele ya wenzake.

Siku hizi habari hutoka jichoni ikaenda kidoleni. Tunaisoma peke yetu, usiku, nasi tunaipeleka mbele kabla hatujaipitisha kichwani. Tena wakati ule redio ya nchi ilikuwa moja. Leo redio ni nyingi, na kila mwenye simu ni mtangazaji. Kazi ya kuchuja habari, iliyofanywa zamani na mhariri, imeangukia kwetu.

2. MFANO WA MKOA WETU

Mtu asidhani kwamba uvumi uliletwa na simu. Sisi wa Singida tunao mfano wa kwetu, nao ni mchungu. Ni habari ya lawalawa.

Zamani kwa Wanyaturu tohara ya wasichana ilifanywa walipokuwa wamekua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilianza kuipiga vita desturi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaenea habari kwamba yametokea maradhi yaitwayo lawalawa. Ilisemekana kwamba ni adhabu ya mizimu kwa sababu ya kuacha mila, kwamba hospitali haiyawezi, na kwamba dawa yake ni kukeketa tu. Basi kisu kikashuka kutoka kwa wasichana wakubwa hadi kwa watoto wachanga, kwa siri, kikiitwa tiba.

Lawalawa ilikuwa nini? Ni maambukizo ya kawaida ya sehemu za siri na ya njia ya mkojo, yenye kuwasha na kuuma. Hutibiwa kwa maji, usafi na dawa za zahanati. Yawezekana mtoto alipopona kwa kuoshwa na kutunzwa, sifa ilikwenda kwa kisu.

Angalieni jinsi uvumi huo ulivyojengwa. Ulishika jambo la kweli, maana watoto waliugua kweli. Ulitia hofu kwa wazazi. Ulifunga mlango wa kuuliza, kwa kusema hospitali haiwezi. Tena ulikuwa na wenye kufaidika, yaani waliotaka desturi iendelee. Ujumbe wetu wa chanjo ulijengwa vivyo hivyo: saratani ipo, hofu ya utasa ipo, na daktari mwenyewe akafanywa wa kushukiwa.

Uvumi huo ulivunjwaje? Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Lakini sheria peke yake haikutosha. Wanawake wa vijiji vya mkoa huu walikaa pamoja, wakajifunza mwili ulivyo, wakaambiana waziwazi kwamba hapo zamani lawalawa haikuwapo. Waliuliza swali la muuguzi wetu. Katika nchi nzima, wanawake waliokeketwa kati ya wale wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, na asilimia 8 mwaka 2022. Hata hivyo tusijisifu: katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, mkoa wetu ulikuwa bado na asilimia 31.

3. MASWALI MATANO

Habari ikija, iwe kwa simu, redio, gazeti au kisimani, tuiulize hivi:

(a) Nani amesema? "Wanasema" si mtu. Koti jeupe si jina.

(b) Amejuaje? Ameona, amepima, au amesikia?

(c) Nani anafaidika tukiamini?

(d) Wapi pengine imesemwa? Tuulize mahali pawili pasipotegemeana. Watu kumi waliotumiwa ujumbe mmoja ni shahidi mmoja.

(e) Ni ya lini na ya wapi? Picha ya zamani ya nchi nyingine hupewa maneno mapya ikaitwa ya jana.

Maswali haya hufaa hata kwa fedha. Ukipata ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii," usitume. Mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Namba ya tapeli ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040, wala hutozwi kitu kwa kuuliza kwanza.

Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11. Hawakuziba masikio Paulo aliposema, wala hawakupokea bila kufikiri. Walisikiliza kwa moyo, kisha wakachunguza kila siku kama ndivyo yalivyo. Ikiwa Mtume mwenyewe alichunguzwa, je, ujumbe usio na jina?

4. KUSAHIHISHA

Tulimwendea yule mama, tukamwomba radhi mbele ya binti yake. Baadaye mtoto alipelekwa zahanati akachanjwa. Katika kwaya tuliandika kwamba tulikosea, na kwamba chanjo haizuii uzazi. Lakini wale waliotumiwa na wale tuliowatumia sisi, hatuwajui, wala hatuna njia ya kuwafikia. Huenda yuko msichana mahali fulani ambaye hakuchanjwa kwa ajili ya kidole chetu. Jambo hilo latusumbua hata leo, ndiyo sababu tumeliandika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja habari moja uliyoipokea mwezi huu. Iulize maswali matano. Imesimama?

2. Kwa nini habari ya lawalawa iliaminiwa upesi hata na wazazi wenye upendo?

3. Mzee unayemheshimu akikutumia habari ya uongo, utamwambiaje bila kumvunjia heshima?

4. Je, iko habari uliyoipeleka ambayo yakupasa kurudi kuisahihisha? Kwa nani?