"Kuganda" Katika Kiswahili cha Sayansi: Mfano wa Nuru na Haidrokaboni

Makala haya yanachunguza upungufu wa neno moja, "kuganda", linapotumiwa kueleza mabadiliko ya hali ya haidrokaboni. Mfano unaanzia Garsen.

Anayechota maji ya Mto Tana, akayaacha yatuame kidogo, kisha akayamulika kwa tochi gizani, huuona mwale ukikata ndani ya gilasi. Chembe za udongo ndizo zinazoitawanya nuru. Maabarani msingi ni huohuo. Haidrokaboni iliyoyeyushwa hutiwa katika neli ya kioo, mwale wa leza hupitishwa, na kipokea nuru huwekwa ubavuni. Kimiminika kikipozwa polepole, ubavuni hubaki giza; fuwele za kwanza za nta zinapozuka, nuru hupanda ghafla, na hapo ndipo kipimajoto husomwa.

Oktadekani, yenye atomu 18 za kaboni, huyeyuka kwenye nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Aikosani, yenye 20, karibu 37. Mchana wa nyuzi 33 huikuta ya kwanza kimiminika na ya pili yabisi. (Mafuta ya nazi, yagandayo Nairobi na kuyeyuka Pwani, si ya kundi hili: yana oksijeni.)

Mafuta ghafi ni mchanganyiko, na hapo ndipo neno letu linapoelemewa. Kwanza hutanda ukungu huku yakiendelea kutiririka. Yakizidi kupoa, hushikana na kugoma kumiminika. Yote mawili huitwa "kuganda". Mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, yana nta nyingi hivi kwamba mpango wa bomba la kuelekea Lamu ulizingatia kuyapasha moto njiani. Fundi akiandikiwa kwamba "yameganda", atajuaje kama nta ndiyo kwanza inaanza kunata bombani au bomba limekwisha kuziba? Inafaa basi kutenga "kiwango cha ukungu" na "kiwango cha mgando".

Hata hivyo, kimiminika kikipozwa haraka huweza kupita kiwango chake cha ukungu kingali angavu. Kwa hiyo kipimo hurudiwa kwa kupasha, na halijoto ya ukungu kutoweka huandikwa kando ya ile ya kutanda kwake.