TACARE: Kutoka Vitalu vya Miche hadi Ramani za Vijiji

Msafiri anayepanda boti Kibirizi kuelekea Mwamgongo au Kagunga huuona upande wake wa kulia msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nje ya mipaka ya hifadhi hiyo milima ilikuwa karibu mitupu. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, wakimbizi wa vita vya Burundi, na baadaye vya Kongo, nao walihitaji kuni, na wakulima waliokosa ardhi ya tambarare walipanda mihogo kwenye miteremko mikali. Mvua zikausomba udongo hadi ziwani.

Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe, aliitazama milima hiyo kutoka kwenye ndege ndogo na kutambua kwamba sokwe hawataweza kulindwa ilhali majirani zao hawana chakula cha kutosha. Mwaka 1994 taasisi yenye jina lake ilianzisha TACARE, mpango wa kupanda miti na kutoa elimu katika bonde la Ziwa Tanganyika, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mwanzilishi wake alikuwa George Strunden. Baadaye Emmanuel Mtiti aliuongoza kwa miaka mingi.

Ni rahisi kuuita mradi wa sokwe, lakini jina hilo linaficha sehemu kubwa ya historia yake. Timu ndogo ya Watanzania ilizunguka vijiji 12 na kuwauliza wakazi wanahitaji nini. Majibu yalihusu chakula, afya na elimu ya watoto; hifadhi ya wanyamapori haikuwa miongoni mwa vipaumbele vyao. Kwa hiyo kazi ilianza kwa kurudisha rutuba ya mashamba yaliyochoka bila kutegemea mbolea za viwandani, pamoja na vitalu vya miche. Zahanati na madarasa vilifuata, kwa kushirikiana na mamlaka za serikali.

Wanawake walinufaika kwa namna ambayo inafaa kukumbukwa. Kwa kufuata mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh, vikundi vyao vilipewa mikopo midogo, na baadaye vikawa na benki zao za kijamii za kuweka na kukopa. Wasichana walipata ufadhili wa masomo, na shule zikajengewa vyoo bora, kwa sababu ukosefu wa choo chenye faragha huwafanya wasichana waache masomo wanapobalehe. Huko milimani Kalinzi, wakulima wa kahawa walisaidiwa kuinua ubora wa zao lao na kufikia wanunuzi wa nje.

Imani hiyo ndiyo iliyofungua njia ya suala gumu zaidi, yaani ardhi. Kila kijiji kilichoshiriki kilichora ramani yake kwa msaada wa picha za setilaiti, kikatenga maeneo ya makazi, kilimo na msitu wa hifadhi wa kijiji, na kuchagua walinzi wa msitu. Mahali pengi hapakuhitajika hata kupanda mti. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vilipoachwa bila kukatwa wala kuchomwa moto, na ndani ya miaka mitano baadhi vilifikia mita sita hadi tisa.

Misitu hiyo ni mali ya kijiji, na usalama wake unategemea mikutano yenu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu yeyote ardhi ya kijiji pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ekari moja ya msitu inapomegwa kimyakimya kwa ajili ya shamba au mkaa, chemchemi iliyo chini yake huwa hatarini, na mteremko hubaki wazi mbele ya mvua za masika.

Mkazi anayetaka kujua mipaka ya msitu wa kijiji chake anaweza kuomba kuonyeshwa mpango wa matumizi ya ardhi na ramani yake katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji. Iwapo haupo, au muda wake umekwisha, aombe jambo hilo liingizwe katika ajenda za mkutano mkuu unaofuata.