Umahsusi wa Nomino na Kibainishi "the": Tatizo la Mwanafunzi wa Kiingereza katika Milima ya Usambara

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya kibainishi "the" cha Kiingereza kwa kukilinganisha na njia ambazo Kiswahili hutumia kuonyesha umahsusi wa nomino. Hoja kuu ni kwamba "the" hakina neno moja linalolingana nacho katika Kiswahili, na kwamba ufundishaji unaokitafsiri kuwa "yule" au "ile" huzaa makosa. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi aongozwe na swali moja: je, msikilizaji anaweza kukitambua kinachotajwa?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wengi wao wa Lushoto hujifunza lugha tatu kwa mfuatano: Kisambaa nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, na Kiingereza ambacho huwa lugha ya kufundishia anapoingia sekondari. Lugha mbili za kwanza ni za Kibantu, na hazina kibainishi cha aina ya "the". Tatizo hili haliishii katika insha za Kiingereza. Kitabu cha kemia kinaposema "a gas" na baadaye "the gas", kibainishi hicho humrudisha msomaji kwenye gesi ile ile iliyokwisha tajwa. Asiyeitambua ishara hiyo hupoteza mfuatano wa hoja, hata kama kila neno analifahamu.

2.0 Umahsusi katika Kiswahili

Kukosekana kwa kibainishi hakuna maana kwamba dhana yenyewe haipo. Tuchunguze mifano ifuatayo:

(1) a. Nilinunua kitabu.
    b. Nilikinunua kitabu.

(2) a. Mgeni amefika.
    b. Amefika mgeni.

Katika (1b) kiambishi -ki- kinadokeza kwamba kitabu hicho kinajulikana kwa wazungumzaji wote wawili. Sentensi (1a) haina dokezo hilo, na kwa kawaida hulingana na "a book". Katika (2) kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa maneno. Sentensi (2a) inaweza kumhusu mgeni aliyekuwa akitarajiwa au mgeni yeyote, ilhali (2b) huelekea kumtambulisha mgeni mpya katika mazungumzo.

Hata hivyo, njia hizi zina mipaka. Katika "Nilimwona mgeni", kiambishi -m- hutakiwa kwa sababu mgeni ni mtu, awe anajulikana au hajulikani. Kwa hiyo hakitoshi kutuonyesha kama tafsiri iwe "a visitor" au "the visitor".

Kisambaa nacho kina mpangilio wake. Riedel (2009) ameonyesha kwamba katika lugha hiyo kiambishi cha yambwa ni cha lazima kwa majina ya watu. Aidha, kitenzi cha Kisambaa kinaweza kubeba viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja, jambo ambalo Kiswahili hakiruhusu. Kwa hiyo mwalimu asidhani kwamba msemaji wa Kisambaa analeta darasani mazoea yale yale ya msemaji wa Kiswahili cha pwani.

3.0 Kwa nini "yule" si "the"

Ashton (1944) alibainisha kwamba kionyeshi cha -le kikitangulia nomino hukaribia kazi ya kibainishi cha Kiingereza. Maelezo hayo ni sahihi kwa nomino iliyokwisha tajwa, lakini hayatoshi. Tazama mfano huu:

(3) Tulipanda basi pale Mombo kwenda Lushoto. Dereva alikuwa mzee.

Kiingereza kitasema "a bus" na kisha "the driver", ingawa dereva hajatajwa kabla. Basi lina dereva wake, hivyo msikilizaji anamtambua mara moja. Kiswahili huacha nomino peke yake. Tukisema "yule dereva", msikilizaji atauliza, "Dereva yupi?" Vivyo hivyo, "Jua limechomoza" huhitaji "the sun", lakini hakuna asemaye "lile jua limechomoza" kwa maana hiyo ya kawaida. Kinyume chake, "Maji ni uhai" hakihitaji "the", kwa kuwa maji yanatajwa kwa ujumla wake. Kanuni ya "kilichokwisha tajwa" ni sehemu tu ya kanuni pana ya utambuzi, ambayo Christophersen (1939) aliieleza kwa dhana ya mazoea na Hawkins (1978) akaipanua.

4.0 Majina ya mahali

Nomino za pekee ndizo huwatatiza wanafunzi zaidi. Majina yanayozunguka Usambara yanaonyesha uwiano fulani:

(4) a. Milima ya Usambara: "the Usambara Mountains"
    b. Bahari ya Hindi: "the Indian Ocean"
    c. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania: "the United Republic of Tanzania"

(5) a. Mlima Kilimanjaro: "Mount Kilimanjaro"
    b. Ziwa Viktoria: "Lake Victoria"

Katika (4), ambako Kiswahili kinatumia -a unganifu, Kiingereza kinatumia "the". Katika (5), majina mawili yamewekwa sambamba bila kiunganishi, na Kiingereza hakitumii kibainishi. Uwiano huu ni msaada wa kukumbuka, wala si sheria. Mto Pangani ni "the Pangani River", kwa kuwa mito ya Kiingereza huchukua "the". Na Wilaya ya Lushoto ni "Lushoto District", bila kibainishi.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili husambaza kazi ya umahsusi katika kiambishi cha yambwa, mpangilio wa maneno, kionyeshi na nomino iliyo peke yake. Kiingereza huilazimisha ionekane kwa kibainishi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lushoto hafundishwi dhana mpya, bali hufundishwa kuidhihirisha dhana aliyo nayo. Mazoezi ya darasani yaanze na sentensi za Kiswahili kama (2) na (3), mwanafunzi aeleze kwanza nani anajua nini, ndipo achague kibainishi. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi mazoea ya Kisambaa yanavyojitokeza katika uteuzi huo.