SOMO LA KIKUNDI: KIFAFA, MOYO NA USIKU



Tukitembelea jumuiya zetu tunakuta wagonjwa wa kifafa wamewekwa kulala peke yao jikoni, ati povu lao linaambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi. Tena usiku ndio wakati wanaotuhitaji zaidi.

Mtu akilala, moyo wake hupunguza mwendo, nao unapumzika. Lakini kifafa kikubwa kikimshika usingizini, moyo hukimbia ghafla kama wa mtu anayepanda mlima. Kikiisha, pumzi huweza kuwa hafifu, na kwa wachache pumzi husimama na moyo nao husimama. Kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, karibu 1 hufa hivyo kila mwaka. Wengi hufa usiku, na mara nyingi hukutwa wamelala kifudifudi.

Sasa tufanye nini?

1. Dawa imezwe kila siku bila kuruka, hata mgonjwa akijisikia mzima. Asiiache mpaka daktari aseme.

2. Asilale chumbani peke yake.

3. Akishikwa, msimkamate kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Kikitulia, mlazeni kwa ubavu, mwangalie kama anapumua, na mkae naye mpaka azinduke. Kikipita dakika 5, mpelekeni hospitali upesi.

Maswali ya kujadiliana: Kijijini kwetu, ni mgonjwa gani analala peke yake? Nani kati yetu ataenda kuongea na watu wa nyumba hiyo wiki hii?